UNATAFUTA KITABU, AU UNATAFUTA RUHUSA?



Umepewa karatasi hii uwanjani. Labda ulikuwa unapita zako tu, labda ulivutwa na vyombo vya kwaya. Usiitupe kwanza. Sitakuuliza unasali wapi, wala sitakuambia kwamba dini ya mama yako ni mbaya. Nataka tuzungumze jambo moja ambalo vijana wananiuliza mara nyingi baada ya mkutano, wakiwa wamesimama pembeni kwenye giza, hawataki kuonekana: "Mtumishi, vitabu ni vingi. Kuna Biblia, kuna Kurani, kuna vitabu vya Wahindu, kuna vitabu vya nyota na ndoto. Hata hiyo Biblia yenyewe ziko za aina aina. Sasa mimi nikitaka kuongozwa, nishike kipi?"

Wako wahubiri wanaokasirika wakiulizwa hivyo. Mimi siwezi kukasirika. Niliwahi kulijibu swali hilo vibaya, na aliyelipa gharama si mimi.

USIKU ULE TANGA

Mwaka 1991 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, nakaa Tanga, Ngamiani. Kazi zangu zilikuwa za kubahatisha. Kanisani nilikuwa naenda Krismasi na Pasaka, tena kwa ajili ya kuonyesha nguo. Lakini usidhani sikuwa msomaji! Chumbani kwangu palikuwa na vitabu vitatu vya "mambo ya Mungu". Kulikuwa na Biblia ya marehemu mama, ile ya Union, jalada jeusi limechanika pembeni. Kulikuwa na tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy niliyoiazima kwa rafiki yangu na kuchelewa kuirudisha. Na kulikuwa na kijitabu cha nyota nilichonunua stendi. Vyote nilivisoma kwa zamu, kama mtu anayezungusha redio akitafuta wimbo anaoupenda.

Basi binti mmoja wa mtaa wetu akaniambia kwamba ana mimba yangu. Aliniambia kwa sauti ndogo, nje ya duka, ameshika chupa ya mafuta ya taa. Nikamwambia, "Kesho nitakuja tuzungumze."

Usiku ule sikulala. Nilianza na kijitabu cha nyota. Kikasema wiki hiyo ni nzuri kwa biashara. Nikakiweka chini. Nikafungua Kurani, nikaangukia habari za mirathi, nikafunga. Mwisho nikachukua Biblia ya mama, nikafumba macho, nikasema, "Mungu kama upo, niambie la kufanya," nikafungua na kuweka kidole. Mwanzo sura ya 12! Pale Mungu anamwambia Abramu aiache nchi yake na jamaa zake, aende mahali ambako ataonyeshwa.

Jamani, nilifurahi! Nilijiona mtu mkubwa. Mimi na Ibrahimu! Alfajiri nikapanda basi la Dar es Salaam. Kesho ile niliyomwahidi yule binti ikapita, na ya pili, na mwezi.

MAMA MWENYE NYUMBA

Dar es Salaam nilipata kazi ya kubeba mizigo Kariakoo, nikapanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, Mwislamu, mjane. Tulimwita Bibi. Jioni alikuwa anakaa barazani akichambua mchele, na sisi wapangaji tunakaa naye. Siku moja nikajisifu. Nikamsimulia jinsi Mungu alivyoniongoza kuondoka Tanga, kwa neno lile alilopewa Ibrahimu. Habari ya binti nikaitaja kwa haraka haraka katikati, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa.

Bibi hakuinua uso kwenye ungo. Akasema, "Huyo Ibrahimu wako, kwetu ni Nabii Ibrahim. Basi kitabu chako hakikukwambia habari za Bibi Hajar?"

Nikasema, "Sijui, Bibi. Labda kipo mbele."

"Kama kipo mbele, mjukuu wangu, mbona uliteremka njiani?"

Akanisimulia. Alisimulia vile wanavyosimulia Waislamu: mama peke yake jangwani, mtoto analia kwa kiu, anapanda kilima cha Safa, anateremka, anapanda Marwa, mara saba, anatafuta maji, mpaka chemchemi ya Zamzam ikatokea. Akasema kila mwaka watu wanakwenda Makka kutoka dunia nzima, wakubwa na wadogo, wanakwenda mbio zile zile alizokwenda mama yule. "Hata mfalme akienda kuhiji," akasema, "anafuata nyayo za mwanamke aliyeachwa na mtoto."

Nikaingia chumbani. Biblia ya mama nilikuwa nayo. Toka sura ya 12 nikafungua mbele: 13, 14, 15. Sura ya 16, kurasa chache tu kutoka pale nilipoweka kidole changu, nikamkuta. Hajiri, kijakazi, ana mimba, ametoroka mateso ya bibi yake, yuko peke yake kwenye chemchemi njiani. Na Mungu ndiye anayemtafuta! Malaika anamwita kwa jina. Na yeye, mtumwa, mgeni, mwanamke asiye na mtetezi, anampa Mungu jina: Mungu anayeniona.

Nilisoma ile sura nimesimama. Nikajua kwamba Mungu niliyemtumia kukimbia alikuwa wakati wote ule yuko Tanga, nje ya duka, kwa yule aliyeshika chupa ya mafuta ya taa.

NILIKUFICHA KITU

Rafiki yangu, sikukuambia yote. Usiku ule Biblia sikuifungua mara moja. Niliifungua mara tatu. Mara ya kwanza kidole kiliangukia orodha ya majina katika kitabu cha Hesabu. Mara ya pili kiliangukia nabii Malaki, sura ya 2, mahali Mungu anapowakaripia wanaume waliomtenda hila mke wa ujana wao. Nikageuza haraka. Ya tatu ndiyo niliyoiita sauti ya Mungu.

Unaona? Kama kweli nilikuwa natafuta mwongozo, Malaki alikuwa ameshanijibu. Nilikuwa natafuta ruhusa. Nilizungusha vitabu vitatu na kurasa nyingi mpaka kimoja kikasema "ndiyo", halafu nikasema, "Mungu amesema."

Na sasa hali ni rahisi zaidi kuliko wakati wangu. Kijana wa leo hana haja hata ya kufumba macho. Simu inamtumia aya ya siku kila asubuhi, imekatwa vizuri, na picha ya maua. Kwenye simu hiyo hiyo ana tafsiri nyingi za Biblia, ana Kurani kwa Kiarabu na Kiswahili, na nyota zake ziko hapo hapo. Anaweza kuzungusha mpaka asubuhi.

Unasema: "Lakini mtumishi, hata wewe umechagua. Umeichagua Biblia. Kwani kuna mtu asiyechagua?" Kweli. Hata anayesema "mimi nafuata Mungu tu, sina kitabu" amechagua; amechagua kusikiliza kile kinachomjia kichwani. Kuchagua hatuwezi kukwepa. Lakini hebu fikiri habari ya mgonjwa. Mgonjwa ana haki ya kuchagua daktari. Atauliza watu, ataangalia kama ni daktari wa kweli, atapima. Hiyo ni akili. Lakini mgonjwa akienda kwa madaktari watano, akamwamini yule mmoja tu aliyesema hana ugonjwa, huyo hakuchagua daktari. Alichagua jibu. Na atakufa akiwa na cheti cha afya mfukoni.

Ndiyo maana nakuuliza kabla hujauliza kitabu gani: uko tayari kiseme "hapana"?

"KAMA UNGEZALIWA PEMBA"

Vijana wasomi wana hoja moja, nayo ni ya maana. Wanasema: "Wewe ni Mkristo kwa sababu mama yako alikuwa na Biblia. Ungezaliwa Pemba ungekuwa na msahafu. Ungezaliwa Varanasi kule India ungekuwa Mhindu. Sasa hapo Mungu yuko wapi?"

Sikatai kwamba nilianza pale nilipozaliwa. Kila mtu anaanza mahali. Lakini pale ulipozaliwa panaeleza umelipataje wazo. Hapaelezi kama wazo ni kweli au si kweli. Na hoja hiyo inakata pande zote: kijana asiyeamini kitu, naye ana marafiki, ana chuo, ana mtaa uliomfundisha kutokuamini. Mbona hasemi, "Ningezaliwa kwingine ningeamini"? Kwa hiyo hapa tumelingana sote. Kilichobaki ni kusoma na kupima.

Na kusoma maana yake ni kusoma, si kuokota. Nimeona vijana wenye daftari: mstari mmoja wa Isaya, mmoja wa Kurani, mmoja wa Bhagavad Gita, na msemo wa mwanamuziki. Vyote vitamu! Mimi nawaambia, daftari hili ni kitabu kipya, na mwandishi wake ni wewe. Kila mstari umeuchagua kwa sababu ulikuwa tayari unaupenda.

Chukua hiyo Gita. Ina beti 700. Kijana anachukua mle neno la kufanya wajibu wako bila kutamani malipo, anafurahi. Je, anajua kwamba mle ndani kuna mtu anaitwa Arjuna, amesimama kwenye gari la vita kati ya majeshi mawili, anatetemeka kwa sababu upande wa pili anawaona ndugu zake na walimu wake? Na kwamba Krishna anamwambia maneno hayo ili apigane? Wahindu wenyewe wamejadiliana kwa karne nyingi maana ya vita ile. Gandhi aliichukulia kuwa vita ya ndani ya moyo. Huwezi kuchukua asali ukaacha mzinga. Ukitaka kuisoma, isome yote, na uende mahali kama Kisutu pale Dar es Salaam ukawaulize wanaoishi kwayo.

Na Kurani vivyo hivyo. Waislamu wanafundisha kwamba Kurani yenyewe ni ile ya Kiarabu. Tafsiri za Kiswahili, iwe ya al-Farsy iliyokamilika mwaka 1969 au ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ya mwaka 1995, wao wanaziita ufafanuzi wa maana. Usimnyang'anye mtu kitabu chake ukakisoma kwa kanuni zako, kisha ukamwambia amekosea. Hayo ndiyo mambo tuliyokuwa tukifanyiana kwenye mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, Mkristo ameshika Kurani, Mwislamu ameshika Biblia, kila mmoja anatafuta mstari wa kumwaibisha mwenzake. Nilihudhuria mingi. Sikumbuki mtu aliyetoka pale akiwa anampenda Mungu zaidi.

Lakini heshima si kusema vyote ni sawa. Huo ni uvivu uliovaa kanzu ya upendo. Kurani inamheshimu Yesu, inamwita Isa mwana wa Mariamu, ina sura nzima yenye jina la mama yake. Halafu katika sura ya 4, aya ya 157, inasema kwamba hawakumwua wala hawakumsulubisha. Injili zote nne zinasema alisulubiwa, akafa, akazikwa. Hapo huwezi kuchanganya, kijana. Ama alikufa ama hakufa. Bibi wa Kariakoo alilijua hilo, na mimi nikalijua, na tuliendelea kula ugali pamoja. Siku moja aliniambia, "Wewe shika lako sawasawa, na mimi nishike langu sawasawa. Anayeshika yote mawili kwa vidole viwili, yote yatamdondoka."

Mimi niliamua. Niliamua kwa sababu ya huyo aliyesulubiwa. Nilitaka Mungu anayemwona mwanamke jangwani. Katika Injili nikamkuta Mungu aliyeachwa mwenyewe nje ya mji, akilia kwamba ameachwa. Sikumpata kwa kufumba macho. Nilimpata kwa kusoma Marko toka mwanzo hadi mwisho, usiku kwa usiku, nimechoka na mizigo.

SASA, BIBLIA IPI?

Hapa vijana wanashangaa: "Biblia si moja? Mbona maneno hayafanani?" Na wengine wanaambiwa Biblia imebadilishwa kwa sababu tafsiri zinatofautiana.

Sikiliza historia kidogo. Biblia haikuandikwa kwa Kiswahili, wala kwa Kiingereza. Iliandikwa kwa Kiebrania, sehemu ndogo kwa Kiaramu, na Agano Jipya kwa Kiyunani. Mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa. Miezi michache tu akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka huo huo alianza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Na unajua nani alimsaidia? Kadhi wa Mombasa! Mwislamu. Mimi napenda sana habari hiyo. Kitabu kile kile chenye habari za Hajiri kilianza kuingia katika lugha yetu kwa mikono ya watu wawili wa dini mbili.

Baadaye ikaja Biblia nzima kwa Kiunguja, mwaka 1891, kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere pale Zanzibar. Ikaja ya Kimvita mwaka 1914, maana watu wa Mombasa hawakukubali kusemewa na watu wa Unguja. Ikaja ya Mjerumani Karl Roehl mwaka 1937, aliyejitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. (Alijitahidi bure, nadhani. Torati, Zaburi, Injili, dhambi, hayo yote tuliyapokea kupitia Kiarabu, na bila hayo mhubiri atabaki bubu.) Mwaka 1952 ikatoka Union, hiyo nyeusi ya mama zetu, iliyotaka kuwaunganisha wote. Katikati ya miaka ya 1990 ikatoka Biblia Habari Njema nzima, kwa Kiswahili chepesi, kazi ya Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Ya Wakatoliki ina vitabu 73, ya Waprotestanti 66. Tofauti ipo katika Agano la Kale, na ni ya zamani kuliko Kiswahili cha kuandikwa.

Je, imebadilishwa? Mwaka 1947 kijana mchungaji wa Kibedui alikuta mitungi pangoni, karibu na Bahari ya Chumvi. Mle na katika mapango mengine yakapatikana magombo ya ngozi, na mojawapo ni la nabii Isaya, karibu lote zima, la zamani kuliko nakala zilizokuwa zikijulikana kwa kiasi cha miaka elfu moja. Wataalamu wakalinganisha. Tofauti zipo, nyingi za namna ya kuandika maneno. Lakini ni Isaya yule yule.

Tafsiri zinatofautiana kwa sababu lugha hazilingani. Mfano: katika Yohana sura ya 3, Yesu anazungumza habari za upepo na habari za Roho. Katika Kiyunani neno ni moja tu! Yule mzee Nikodemo alisikia neno moja lenye maana mbili. Mswahili lazima achague, hapa upepo, hapa Roho, na kitu kinapotea njiani. Si uongo huo. Ni kama kuhamisha maji kwa viganja.

Mfano mwingine unaowahusu wavulana. Hawa anaitwa msaidizi wa Adamu. Wengi wameshika neno hilo wakafanya mke kuwa mtumishi wa ndani. Lakini neno lile la Kiebrania katika Agano la Kale mara nyingi linamhusu Mungu mwenyewe, Mungu kama msaidizi wa Israeli. Je, Mungu ni mtumishi wako wa ndani? Mtu asiyejua hilo ataitumia Biblia kumkalia mkewe, na atasema ameongozwa.

Kwa hiyo shauri langu: usitafute tafsiri moja ya kuiabudu. Soma mbili. Soma Habari Njema uelewe, soma Union ikukae moyoni. Zinapokubaliana, nenda. Zinapotofautiana, simama, uliza, hapo kuna kitu. Ila usifanye kama yule ndugu mmoja niliyemfahamu, ambaye kila jambo alikuwa anabadilisha tafsiri mpaka apate inayomwunga mkono. Huyo ni mimi wa Tanga, ila yeye amevaa tai.

HATA SISI WAHUBIRI

Nitasema jambo ambalo wenzangu wengine hawatalipenda. Sisi watu wa Roho tunaupenda sana mwisho wa Injili ya Marko, sura ya 16, pale panaposema habari za lugha mpya, na kushika nyoka. Lakini nakala mbili za zamani sana za Kiyunani, zinazoitwa Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia mstari wa 8. Tafsiri nyingi za leo zinaweka alama pale au maelezo chini. Wahubiri wengi hawawaambii watu. Mimi nawaambia, na bado nanena kwa lugha, maana habari za lugha ziko pia katika Matendo na Wakorintho.

Kwa nini nawaambia? Kwa sababu kule Marekani alikuwapo mhubiri, George Went Hensley, aliyeshika mistari ile akafanya kushika nyoka kuwa ibada. Alishika nyoka miaka mingi, na watu wakamfuata. Mwaka 1955 akaumwa na nyoka kule Florida akafa. Mstari mmoja, umeng'olewa katika kitabu kizima, ukawa kaburi. Na siku hizi kwetu wako wanaoambiwa waache dawa za hospitali kwa ajili ya mstari mmoja. Kijana, ukiambiwa hivyo, muulize mhubiri: wewe mwenyewe ukiumwa meno, unakwenda wapi?

Na ile sura ya Hajiri, niliyoipenda, nayo ina mahali pagumu. Malaika anamwambia arudi kwa bibi yake aliyemtesa. Siwezi kuificha. Wako wanaoichukua wakamwambia dada aliyepigwa na mumewe, "Neno linasema rudi." Wanasahau sura ya 21, ambako Hajiri anatoka mle nyumbani asirudi tena, na Mungu anamfungulia macho akaona kisima. Ukimwambia mtu wa 16 bila 21, unampiga kwa mkono wa pili.

Utasema: "Lakini wako waliofungua tu wakaokoka!" Wako. Mwaka 386, kule Milan, Augustino alikuwa bustanini analia, akasikia sauti ya mtoto ikimwambia achukue asome. Akafungua nyaraka za Paulo, akaangukia Warumi 13, maneno ya kuacha uasherati na ulevi. Maisha yake yakageuka. Sawa. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, kurasa zile alikuwa amezisoma siku nyingi. Alijua zinatoka wapi. Pili, neno lile lilimnyang'anya kile alichokipenda kuliko vyote. Halikumpa nauli ya basi. Na huyo huyo, alipokuwa askofu, aliandika katika barua kwamba watu wanaopiga kura kwa kurasa za Injili hawampendezi, wakitaka kuyatumia maneno ya Mungu kwa shughuli zao za dunia, ingawa ni afadhali hivyo kuliko kuyaendea mashetani.

Mimi siku hizi nina swali moja ninalojiuliza kila ninaposema "nimeongozwa". Najiuliza: NANI ANALIPA? Uongozi huu niliopewa, gharama yake inamwangukia nani? Kama kila mara Mungu anaponiongoza mimi napata na mwingine anapoteza, basi ninayemwita Mungu namfahamu vizuri. Nilimnyoa ndevu asubuhi kwenye kioo. Abramu yule, alipoambiwa aondoke, aliyelipa ni yeye. Mimi nilipoondoka, aliyelipa alikuwa binti wa miaka kumi na tisa.

NILIRUDI

Nilirudi Tanga mimba ikiwa ya miezi minane. Usifikiri nilipokelewa kwa shangwe. Baba yake alinifukuza kwa fimbo mara mbili. Mara ya tatu alinisikiliza nikiwa nimesimama uani, hakunipa kiti. Na alikuwa na haki. Yule binti hakunitaka tena. Alisema, "Lea mtoto. Mimi niache." Sikuwa na mstari wa kumjibu, na sikuutafuta. Nikalea kwa pesa ya mizigo, nikawa nakwenda Tanga kila mwisho wa mwezi. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano kama huu ulioutoka wewe, nikampa Yesu maisha yangu. Yule dada aliolewa na mtu mwema. Amenisamehe, alinitumia salamu akasema hivyo, lakini miaka imeharibika, na kusamehewa hakuirudishi.

Mtoto alikuwa wa kike. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Mwaka jana alikuja kunitembelea, akaiona ile Biblia ya mama kwenye meza, jalada nimelishona. Akaniuliza, "Baba, ule ukurasa uliofungua ni upi?" Maana nilimwambia yote alipofikisha miaka kumi na minane.

Nikamwonyesha. Akakaa, akasoma ya 12. Sikumwambia kitu. Akafunua, akaendelea, 13, 14, 15, kidole chake kinatembea chini ya mistari kama cha bibi yake aliyeiacha Biblia ile. Alipofika ya 16 akasoma mpaka mwisho, akarudia. Chai yake ikapoa. Halafu akauliza kama anaweza kuondoka nayo, nami nikamfungia kwenye gazeti.